Shati Lililoshonwa Bila Kupimwa

Duka la vitambaa la mtaa wa juu lilijaa watu tangu asubuhi, ungedhani kanga zinagawiwa bure. Kisa ni ubao uliosimama nje ya mlango. Kila msimu wa joto mwenye duka, mshonaji ambaye mji mzima ulimwita Bi Sindano, aliandika pale kwa chaki habari zake: vitambaa vipya vimeingia, na mchango wa mwaka huu ni wa kununulia feni za wodi ya wazazi katika kituo cha afya, ambako akina mama walijifungua huku jasho likiwatiririka. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Watu walileta nguo wasizozivaa, duka likazitengeneza bila malipo, kisha zikauzwa uwanjani, na kilichopatikana kikaenda kituoni.

Katika msongamano huo akaingia mwanamume mwenye ngazi begani. Ncha ya ngazi ikapita juu ya meza na kuangusha kopo la pini, pini zikasambaa sakafuni.

"Samahani, bibie. Ngazi haina macho."

"Aliyeibeba anayo," alisema Bi Sindano bila kuinua kichwa.

"Anayo. Ila yalikuwa yameona kitu kingine."

Wanawake waliokuwa wakichambua nguo wakaangua kicheko. Bi Sindano akainua kichwa. Aliona shati la kazi la buluu lenye madoa ya grisi, penseli sikioni, na mtu aliyeonekana kufurahia aibu yake mwenyewe. Alikuwa fundi umeme, mgeni mjini. Alisema amesoma ubao na hana nguo za kutoa, lakini ana mikono. Feni zikipatikana, atazifunga bure.

"Na pini zangu?"

"Nitaziokota moja moja, hata kama itanibidi nirudi kesho."

Bi Sindano akacheka. Halafu akaziba mdomo haraka, akatazama pembeni, kwenye kiti kitupu kilichokuwa karibu na cherehani ya pili.

Kiti hicho kilikuwa cha marehemu mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa akikata vitambaa, mkewe akishona, na moyo wake ulisimama ghafla mwaka juzi, mkasi ukiwa mkononi. Siku ya mazishi Bi Sindano hakudondosha chozi. Watu walisema ana moyo wa jiwe, na watu wana midomo, waache waseme. Yeye hakulia kwa sababu aliona huliliwa aliyeondoka, na mumewe alikuwa hajaondoka. Alasiri duka likitulia alimsikia akikohoa, kikohozi kimoja kifupi, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kukata kitambaa cha gharama. Hakumwambia mtu. Kikohozi hakikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba iko siku angetega sikio asisikie kitu.

Fundi alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Soketi ya pasi ikatengenezwa, ingawa haikuwa mbovu sana. Jioni simu ikaanza kulia.

"Umekula?"

"Nimekula. Umenipigia kuniuliza hilo tu?"

"Hapana. Nilitaka kusikia unavyosema nimekula."

"Wewe fundi una maneno."

"Nyaya zimeniishia leo, mrembo. Nimebaki na maneno."

Bi Sindano alikuwa akizungumza naye nyuma ya mlango, sauti chini kama msichana anayemficha baba yake. Aliyekuwa akimficha ni mama mkwe, mama wa marehemu, aliyeishi naye katika chumba cha nyuma ya duka, ingawa bibi huyo alikuwa na masikio ya paka na alijua kila kitu. Bi Sindano alimpenda fundi. Hakujidanganya juu ya hilo. Ila kila alipocheka kwa sauti, aliona kama kuna mtu kwenye kile kiti anasukumwa atoke nje.

Siku ya kuuza nguo ilipokaribia, ikaamuliwa fundi ndiye atakayeshika kipaza sauti. Bi Sindano akasema atamshonea shati jipya.

"Nije unipime?"

"Mtu niliyemtazama vizuri simpimi. Mikono yangu inajua."

"Kumbe umenitazama vizuri."

"Nenda kazini, fundi."

Alikata kitambaa alasiri, duka likiwa kimya. Kilikuwa kitambaa cha rangi ya maziwa, chepesi. Alipokitandaza tu, kikohozi kikaja, karibu kuliko siku zote, kama cha mtu aliyesimama begani kwake. Nywele zikamsimama. Lakini mkasi ulikwenda wenyewe bila kusita, na akashona hadi kifungo cha mwisho akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu awe mjane. Furaha hiyo ingemshtua, kama angekuwa na nia ya kushtuka.

Siku ya siku uwanja ulifurika. Bi Sindano alivaa gauni la kijani lililomkaa kiunoni, hereni ndogo, na kitambaa cha kichwa alichokifunga na kukifungua mara kadhaa mbele ya kioo. Fundi akatokea na shati lake. Mikono ya shati ilimfunika hadi vidoleni. Mabegani lilimbana mpaka mshono ukawa unalalamika.

"Mikono yako inajua, ee?" alimnong'oneza, huku akikunja mikono ya shati. "Umenitazama ukiwa umesimama wapi?"

Bi Sindano alitaka kucheka ikashindikana. Mama mkwe, aliyekuwa akiuza nguo za watoto, alikuwa amesimama. Alikuja polepole katikati ya watu, akamshika fundi kola, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mwanangu," alisema.

Wauzaji wa karibu wakanyamaza.

"Kola fupi namna hii. Na mikono mirefu, maana alirefuka mikono tangu utotoni." Akaegemeza paji la uso kwenye kifua cha fundi, akalia.

Fundi hakujitoa. Alimshika yule mama kwa heshima hadi akatulia, akamsindikiza kwenye kiti. Ndipo akamgeukia Bi Sindano.

"Ulinipima lini?"

"Sikukupima."

"Basi hili shati la nani?"

Bi Sindano akatazama ile mikono ya shati, mirefu kama ya marehemu. Fundi alichukua kipaza sauti akaendelea na kazi, akiwatania wanunuzi mpaka nguo ya mwisho ikauzwa, na feni za wodi nzima zikapatikana. Wengi walisema hawajawahi kuwa na msimu mzuri kama ule. Kesho yake alfajiri shati lilikutwa mlangoni mwa duka, limefuliwa na kunyooshwa vizuri.

Simu za Bi Sindano hazikupokelewa. Siku fundi alipopokea, sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi.

"Fundi, nisamehe."

"Najua hukukusudia. Lakini mimi si msumari ukutani, nitundikwe nguo za mtu. Kila ukicheka unatazama kile kiti. Nilidhani ni haya. Kumbe ulikuwa unaomba ruhusa."

"Sijui nikueleze vipi."

"Mwanamume aliye hai ningepambana naye, nishinde au nishindwe. Huyu nitampata wapi? Nikimaliza feni za kituo naondoka. Kuna kazi mji mwingine."

Akakata.

Bi Sindano akakaa na simu mapajani. Alasiri ikafika na kikohozi kikaja kwa wakati wake, na kwa mara ya kwanza hakikumliwaza. Alikuwa na mume asiyeweza kumgusa, na mtu aliyeweza kumgusa alikuwa anafunga mizigo. Mama mkwe akatoka chumba cha nyuma, akasimama mlangoni.

"Nawe unamsikia?" aliuliza bibi.

Bi Sindano akashtuka. "Mama, wewe pia?"

"Mimi humsikia asubuhi, akivuta kandambili. Mkwe wangu, nikwambie neno baya. Siku ile uwanjani watu walidhani nimelia kwa uchungu. Nililia kwa furaha. Nilitaka kijana wa watu amvae mwanangu hivyo hivyo mpaka nife. Usiku ule nikajionea aibu. Yule naye alizaliwa na mama yake."

"Nikienda kwake, mama, huyu ataondoka."

"Huenda ataondoka. Hilo sikufichi." Bibi akaivuta tepu ya kupimia kutoka mezani, akamtia mkononi. "Mimi ni mzee, nitabaki kumsubiri. Wewe nenda kabla ngazi haijashushwa."

Wodi ya wazazi ilikuwa na harufu ya dawa na maziwa. Fundi alikuwa juu ya ngazi, akifunga feni ya mwisho. Kina mama vitandani walitazamana, kwa kuwa mwanamke aliyekuja na tepu shingoni na kandambili za nyumbani si jambo la kila siku.

"Fundi, shuka," alisema muuguzi. "Umeletewa kesi."

Akashuka. Hakutabasamu.

"Nimekuja kukupima," alisema Bi Sindano.

"Hapa?"

"Hapa. Nilikushonea kwa mikono inayomkumbuka yeye. Ni kosa, na nilikosa nikiwa nafurahi, ndiyo maana linaniuma. Sina la kujitetea. Ila wewe sijawahi kukuona sawasawa, naomba nikuone."

Fundi alijifuta mikono kwenye shati. Kisha akaweka bisibisi dirishani, akainua mikono kidogo pembeni.

Akaanza na mabega. Yalikuwa mapana kuliko alivyodhani, la kushoto limeinama kwa kubeba ngazi. Mikono ilikuwa mifupi, minene, yenye kovu la kuungua karibu na kiwiko. Shingo ilikuwa na kidoa cheusi ambacho hakuwahi kukiona, na alikuwa amekaa na mtu huyu msimu mzima. Hakuna hata kipimo kimoja ambacho mikono yake ilikijua. Kadiri alivyopima ndivyo mtu mmoja alivyomjia karibu, na mwingine akawa mbali, mbali.

"Na yeye?" aliuliza fundi taratibu.

"Yeye ana vipimo vyake. Sitavisahau. Lakini havikutoshi wewe."

"Basi shona mawili. Moja la kazi." Akaitazama tepu. "La pili la harusi, kama mama mkwe wako atakubali kuvaa vizuri siku hiyo na kukaa upande wangu. Mimi sina mtu wa kukaa upande wangu."

Bi Sindano akaitikia kwa kichwa. Muuguzi akabonyeza swichi. Feni zikaanza kuzunguka, upepo ukapita juu ya vitanda, na mtoto mmoja aliyekuwa akilia tangu asubuhi akanyamaza.

Katika ukimya ule Bi Sindano alitega sikio kwa mazoea. Ilikuwa alasiri. Hakusikia kitu. Akangoja kidogo, akajua kwamba hata akirudi dukani hatasikia, wala kesho. Mumewe alikuwa amekufa. Akamwegemea fundi, na pale mbele ya kina mama na vichanga vyao akamlilia marehemu mumewe kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kifuani mwa mtu mwingine.

"Mlilie," alisema fundi, akimshika vizuri zaidi. "Mlilie tu. Mimi siendi popote."