Salamu za Ilango kwa Wateja

Siku tuliyouchoma mwili wa mume wangu Ilango, hapa Coimbatore, India, simu yake iliingiza ujumbe wa mwenye duka la sari:

"Asante kwa salamu za asubuhi, kaka."

Asubuhi hiyo Ilango alikuwa amelazwa sebuleni, shada la maua shingoni.

Alikuwa ameipanga kompyuta imsalimie kila aliyenunua programu yake ya maduka: "Mimi Ilango. Wapi panakusumbua? Niambie bila aibu." Waliojibu, aliwajibu mwenyewe. Dosa yake, chapati ya mchele, ilipoa kila siku.

— Si uwaoe hao wateja! nilimwambia.

— Hao ndio wanaokununulia maua ya nywele, Kayal. Nikikopa mtaji, bosi wangu atakuwa benki. Sasa mabosi wangu ni wao na wewe.

Baada ya matanga akaja Anbarasan, mshindani wake wa biashara.

— Shemeji, mumeo alikuwa mwendawazimu. Aliwahi kuniletea mteja, eti programu yangu ingemfaa zaidi.

Alicheka, akafuta macho.

— Niuzie biashara. Ila salamu ziache. Wanampenda.

— Hawajui kwamba amekufa.

— Ndiyo maana hawajaondoka.

Simu yangu ililia.

"Kayal, mimi Ilango. Mwaka mwingine umepita. Bado uko nasi?"

Alipokuwa akiijaribu programu, alinisajili mimi kuwa mteja wa kwanza, mwenye duka lisilokuwepo. Nilijua ni kompyuta. Bado nikaandika: "Nipo. Wewe uko wapi?"

Nikangoja. Hata Anbarasan alipoaga, nilikuwa nimeshika simu.

Ndipo nikamkumbuka yule wa sari. Nikampigia.

— Kaka, mimi ni mke wa Ilango.

— Aa, shemeji! Mwambie nimemuuliza swali, mbona kaninyamazia? Nimemuudhi?

— Hukumuudhi. Amefariki.

— Aliyenisalimia ni nani, basi?

— Ni kompyuta. Nisamehe. Yeye asingekudanganya.

— Na mimi nilimwandikia habari za binti yangu... Sasa nikikwama nimpigie nani?

— Mimi. Nikishindwa, nitakupeleka kwa Anbarasan.

— Kwa mshindani wenu?

— Ndivyo alivyokuwa akifanya.

Nilizima salamu zote. Yangu niliizima mwisho, nikiwa nimefumba macho.

Biashara sikuiuza. Wateja nawaandikia mwenyewe, mmoja mmoja, kwa jina langu. Dosa yangu hupoa.