Picha ya Nyoka Mwenye Pembe

Asubuhi ile ya Ijumaa Rehema alikuwa jikoni, anakaanga maandazi. Yeye na mumewe Ramadhani walipewa vyumba viwili nyuma ya shamba moja huko Umm Salal, katika nchi ya Waarabu walikokwenda kutafuta kazi. Ramadhani ni dereva wa mwenye shamba, na siku hiyo alishatoka na bosi kwenda mjini, The Pearl.

Mlangoni alikaa Idrisa, mdogo wake Rehema. Idrisa ni kinyozi kule mjini, Al Sadd. Ijumaa saluni yao haifunguliwi mpaka watu watoke msikitini, kwa hiyo huja kwa dada yake kula.

"Dada, hebu mcheki huyu," alisema, akimsogezea simu. "Nyoka wa Ulaya. Ana michoro ya zigizagi mgongoni. Watu wanafunga safari kwenda kumpiga picha tu."

"Hawana kazi za kufanya?"

"Ona huyu jamaa anavyomwinua kwa kijiti! Ana sumu, lakini huko watu hawafi ovyo. Wazungu wameshamzoea."

"Mimi nyoka simtaki hata kwenye simu. Toa hapo, mafuta yatakurukia."

Idrisa akacheka. Alikuwa kwenye kundi la simu la wapenda nyoka. Watu wa nchi mbalimbali wanatuma picha, wenzao wanawasifia. Yeye alikuwa hajatuma hata moja.

Akatoka kuzunguka shamba. Nyuma ya banda la mbuzi kulikuwa na rundo la makuti makavu ya mitende. Pembeni ya rundo, mchangani, aliona vijipembe viwili na macho. Nyoka mwenyewe amejifukia. Rangi yake na ya mchanga ni moja.

Idrisa akapiga picha. Ikatoka nzuri. Angeishia hapo, ingekuwa sawa. Lakini alitaka na yeye aonekane anamwinua, kama yule jamaa wa Ulaya. Akaokota kijiti, akainama.

Rehema alisikia ukelele. Akamwona mdogo wake anakuja mbio, ameshika mkono wa kulia.

"Ameniuma! Dada, ameniuma kidole!"

Rehema akauangalia mkono. Mkono ule ndio unaoshika mashine ya kunyolea. Ndio unaomlisha Idrisa, na mama yao kule Tanga.

"Kaa chini! Usiogope, jiwe ninalo!"

Mama yao aliwafungia jiwe la nyoka kwenye begi, pamoja na dagaa. Ni lile jeusi, watu wanachanja palipoumwa, wanaligandisha hapo ili linyonye sumu. Rehema akalichukua, akachukua na wembe. Akavua mtandio, akaanza kumfunga Idrisa mkono kwa nguvu zote.

"Wee Rehema! Weka huo wembe chini!"

Alikuwa Damaris, jirani yao Mkenya. Ni nesi, na alikuwa amekuja kuchukua maandazi yake ya Ijumaa. Idrisa akamnyooshea simu yenye ile picha ya nyoka.

"Sista, ngoja nimchanje kwanza, sumu isipande!"

"Ukimchanja atatoka damu, na sumu ya huyu nyoka inaweza kufanya damu isigande. Utaisimamisha na nini? Na hicho kitambaa fungua. Ukikaza hivyo unaweza kumuulia mkono."

"Na jiwe je?"

"Jiwe halinyonyi sumu. Linakula muda tu."

"Mbona kwetu watu wanapona?"

"Saa zingine nyoka anauma bila kutia sumu. Mtu anapona, sifa inaenda kwa jiwe. Lakini hatuwezi kubahatisha na huyu."

Rehema akatazama kidole. Kilishaanza kuvimba. Akauweka wembe chini, akafungua mtandio.

Damaris akapiga 999, namba ya dharura. Akawaelekeza: shamba lenye tangi la bluu, mgonjwa ameumwa na nyoka. Kisha akamvua Idrisa pete na saa.

"Mkono ukivimba, hizi zitakukata. Lala. Usitembee tena, na huo mkono usiuchezeshe. Rehema, lete mwiko."

Akaulaza mkono juu ya mwiko mrefu wa ugali, akaufunga kwa kanga, taratibu, bila kukaza.

"Nimuue nyoka, tumpeleke hospitali?" Rehema aliuliza.

"Ili akuume na wewe? Mwache. Si huyu ana picha? Daktari ataiona. Wewe kimbia getini, uwaonyeshe njia."

Idrisa alikuwa anatoka jasho. "Sista, wale wa Ulaya mbona wanawashika?"

"Na wanaumwa! Wengi huumwa mkononi hivyo hivyo, wakiwachezea. Wanapona kwa sababu wanawahi hospitali. Si eti nyoka wao ana adabu. Nyamaza sasa, upumue polepole."

Gari la wagonjwa lilifika. Hospitalini daktari aliangalia picha, wakampima damu, wakamtundikia dawa ya kupambana na sumu. Mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko. Rehema alikaa pembeni, hajui kama mdogo wake atanyoa tena.

Uvimbe ukashuka. Baada ya wiki kadhaa Idrisa alirudi saluni, na vidole vyake vyote.

Pale shambani Ramadhani aliomba koleo na glavu kwa bosi, wakaliondoa lile rundo la makuti. Siku hizi hakuna anayetia mkono mahali asipopaona. Usiku wanatembea na tochi na viatu vya kufunika mguu. Jiwe Rehema alilitupa mwenyewe, na namba 999 akaiandika ukutani kwa kalamu nene.

Ijumaa moja Idrisa alifungua lile kundi la simu. Hakutuma picha ya nyoka. Alituma picha ya mkono wake, aliyopigwa akiwa kitandani hospitalini, mkono umevimba kama mkate. Chini yake akaandika: "Nilitaka picha kama zenu. Nyoka mtazameni kwa mbali, msimshike."

Wote waliiona. Idrisa akaweka simu kando, akamwomba dada yake andazi.