Ukuta wa Matabaka

Mama Pacha na mumewe walifanya kazi pamoja machimboni. Mume alichimba mawe chini ya ukuta mrefu. Mke aliyaponda kuwa kokoto, amekalia gurudumu kuukuu. Walitaniana kutwa.

"Mke wangu, leo unaponda mawe au unayabembeleza?"

"Wewe leta mawe, maneno tunayo nyumbani."

Asubuhi moja, baada ya mvua, ukuta uliporomoka. Walipomfukua mume, alikuwa ameshakata roho.

Matanga yakaisha. Njaa haina likizo, Mama Pacha akarudi kazini na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Shemeji akaanza kuchimba palepale chini.

"Shemeji, toka hapo."

"Niende wapi? Kaka siku yake ilifika. Ajali haina kinga."

Siku hiyo mkaguzi wa machimbo, mama wa makamo, alikuja kupaangalia. Alimpa Mama Pacha mkono wa pole.

"Nimeshapoa," alijibu. "Niambie tu, ni jiwe gani lililoniulia mume?"

Mkaguzi aliokota kipande, akawaonyesha mistari yake.

"Huu ni mwamba tabaka. Zamani sana maji yalileta mchanga na tope. Vikatuama, tabaka juu ya tabaka, vikagandamana hadi vikawa jiwe. Mvua ikipenya katikati, tabaka moja huteleza juu ya jingine."

"Na yale meusi ya ng'ambo?" shemeji aliuliza.

"Yale ni mwamba moto. Chini sana ardhini kuna joto la kuyeyusha mawe yakawa uji. Uji ule ukipoa, huganda. Ni mgumu, ila nao una nyufa."

"Na marumaru?"

"Ni mwamba geu. Marumaru ilikuwa jiwe la chokaa. Ikazikwa chini sana, joto na uzito vikaigeuza."

Mama Pacha alikuwa bado anakitazama kile kipande. "Kwa hiyo haikuwa siku yake?"

Mkaguzi aliutazama ukuta. "Siku za watu sizijui, mama. Ukuta huu naujua. Msichimbe chini yake. Anzieni juu, mshuke mkiukata kwa ngazi pana. Mvua ikinyesha, msiusogelee mpaka ukauke na ukaguliwe."

Wakafanya hivyo. Kazi ilikwenda polepole, na shemeji alinung'unika sana.

Msimu wa mvua uliofuata, sehemu ya ukuta ambayo walikuwa hawajaifikia iliporomoka mchana. Chini hapakuwa na mtu.

Shemeji alikaa chini, mikono kichwani. "Ningekuwa pale," alisema.

Mama Pacha alilia kama siku ya msiba. "Kumbe ilikuwa ngazi tu," alisema. "Ngazi tu, shemeji."

Alipomaliza kulia, alimshika mkono wakarudi nyumbani. Mlangoni, watoto wake pacha walimkimbilia baba yao mdogo.