Njia ya Mikokoni, Idi Pili

Maji yaliwakatia nyuma kwanza. Wahida aligeuka kumtazama wifi yake Sabiha, akaona pale walipovuka hori, mkono wa bahari, kwa miguu, tope likiishia vifundoni, sasa panapita maji ya kahawia kwa kasi, yamebeba majani na povu. Mbele nako hivyo hivyo. Wamebaki kwenye kipande cha tope katikati ya mikoko, nacho kinaliwa pande zote.

"Si ulisema njia fupi?" Sabiha akauliza.

Haki yake kuuliza. Wahida ndiye aliyeitengeneza tovuti ya njia za kutembea kwa miguu pwani ya Bagamoyo. Mwanzo ilikuwa rundo la ramani tu. Akakaa miezi akiibandikia kila njia maneno, ili mtu akitafuta "fupi" au "kivuli" aletewe inayomfaa. Hii ya mikokoni aliipima mwenyewe siku za maji mafu, bahari ikijaa kidogo tu, akavuka bila kulowa magoti. Kwamba bamvua, maji makuu ya mwezi mpya, ikipanda bahari hufika matawini, hakuandika. Mtoto gani wa Bagamoyo asiyelijua hilo? Na juzi jioni mji mzima ulikuwa ukiutafuta mwezi wa Idi. Yeye mwenyewe aliuona, akapiga kigelegele. Mwezi ukiandama, bamvua imefika. Lakini bibi huyu aliwaza biriani, akawaza nguo za watoto, bahari haikumpitia akilini. Haya, bahari ikamjia yenyewe!

Simu ilishalowa na kuzimika. "Panda mti," Wahida akasema.

Sabiha ni mtu wa Kiwangwa, kakulia kwenye mananasi, kuogelea hajui. Aliukanyaga mzizi, akateleza, na chaza waliougandia wakamchana unyayo vibaya. Wahida alivua mtandio, akaufunga mguu kwa nguvu, akamsukuma wifi yake mpaka akakaa kwenye panda. Mkoko wenyewe mwembamba, wa kubeba mtu mmoja. Wahida akabaki chini, amelikumbatia shina, maji kiunoni.

Ya kunywa yalibaki mafunda machache. Sabiha alitaka wagawane, Wahida akakataa, akasema anayevuja damu ndiye anywe. Maji yakafika kifuani. Mkondo ukawa unamvuta miguu, mti unainama, na juu Sabiha anasoma Ayatul Kursi, anakosea, anaanza upya. Wahida aliogopa, tena sana. Aliogopa kaka yake asije akamuuliza: mke wangu umemwacha wapi?

Ndipo wakasikia watu. Ng'ambo ya hori walitokea mume na mke na watoto wawili waliovaa nguo mpya za Idi, baba mbele, simu mkononi. Sabiha akalia waokolewe. Yule baba hakungoja. Alimpa mkewe simu, akakunja suruali, akaingia, na mwanawe wa kiume akamfuata nyuma.

Msaada ndio huo, mwingine haupo. Lakini Wahida aliujua mkondo wa katikati.

"Rudi!" akapiga ukelele. "Mshike mtoto, rudi! Hapa hakuna njia!"

"Wifi, unawafukuza?"

"Watakufa, Sabiha."

Akawapigia kelele waende kwa wavuvi wa kamba, walete mtumbwi. Yule baba alisita, akambeba mtoto, akarudi, na wote wakapotea mikokoni. Sabiha alijinyoosha kwenye panda yake, akaishika kola ya Wahida kwa mikono miwili, akaing'ang'ania. Maji yalifika kidevuni, na ile mikono haikulegea.

Mtumbwi ulikuja ukipenya matawini, wavuvi wawili wanapiga kafi, yule baba ameketi mbele. Wakavutwa ndani, wakapewa maji. Sabiha alikunywa. Wahida aliishika chupa tu. Akamshukuru yule baba, ambaye jina lake ni Mwishehe, kisha akamuuliza njia hii aliipataje.

Mwishehe aliona haya kidogo. "Nilitafuta inayofaa watoto," akasema. "Ikaja hii, ya kwanza kabisa."

Maneno hayo aliyabandika Wahida mwenyewe, kwa vidole vyake, siku ile alipovuka bila kulowa magoti. Akamtazama yule mtoto wa kiume, aliyekuwa akiwangoja ukingoni pamoja na mama yake, kanzu imelowa mpaka kifuani.

Mtumbwi ulipogusa tope, akaiomba simu ya Mwishehe. Alikosea nywila mara mbili, ikabidi Sabiha amshikie simu. Njia ikafutwa kwenye tovuti.

"Sasa kunywa, wifi," Sabiha akamwambia. Akanywa, huku analia.