Umeme Ulikatika, Plagi Ikabaki Ukutani

Katika nyumba ya Eustace na Romana, pale Kawajense, vumbi la mbao za mninga lilikuwa kama mwanafamilia. Liliingia kwenye chai. Liliingia kwenye mashuka. Romana alifagia asubuhi, akafagia tena mchana, na jioni alipopanga sahani alikuta vumbi limemtangulia mezani. Alilalamika, lakini si sana. Vumbi hilo ndilo lililowalisha, na ndilo lililomsomesha binti yao Queen.

Eustace alikuwa seremala wa nakshi. Zamani alichonga kwa patasi. Siku hizi alikuwa na mashine, ameiweka kwenye banda kando ya jiko. Ilikuwa meza ya chuma yenye reli. Juu ya reli ilitembea mota ndogo, na chini ya mota kulikuwa na kisu chembamba kinachozunguka kwa kasi. Eustace alichora ua au jina kwenye kompyuta, kisha mota ikatembea yenyewe juu ya ubao na kuchonga alichochora. Majirani walikuja kushangaa. Eustace naye alijidai kidogo, tuseme ukweli.

Mwaka huu mama yake, Bibi Helena, alifariki huko Mpimbwe. Katika ukoo wao, kaburi jipya huwekewa kwanza msalaba wa muda, vijiti viwili tu vilivyofungwa kamba. Baadaye ukoo hukutana, na mtoto wa kwanza huleta msalaba wa kudumu aliouchonga mwenyewe. Haununuliwi dukani. Hapewi fundi mwingine kazi hiyo. Eustace ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza. Siku ilishapangwa: Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Ndipo mota ya mashine ilipoanza kusumbua.

Kwanza ilibadilisha sauti. Badala ya kuvuma, ilikoroma. Kisha ikatoa harufu ya kuungua, na cheche zikaonekana kwenye matundu yake. Eustace aliona adui ni vumbi. Akachukua kipande cha kitenge cha zamani cha Romana, akaizungushia mota na kufunga fundo.

"Unaivalisha nguo?" Romana aliuliza.

"Naikinga vumbi lisiingie."

Mota ikazidi kupata moto. Halafu ikaanza kugoma. Eustace akibonyeza swichi, kimya. Akagundua kwamba akikisukuma kidogo kwa kidole kile kichwa kinachoshika kisu, mota inashtuka na kuwaka. Alizoea kufanya hivyo kwa feni yao ya sebuleni, ambayo nayo ilikuwa imechoka. Basi ikawa ndiyo desturi. Swichi, kidole, mota inawaka.

"Baba Queen, mwite fundi," Romana alisema.

"Fundi ni mimi."

"Wewe ni fundi wa mbao. Hii ni mota."

"Hii inataka kubembelezwa tu, Mama Queen. Kama nyie wanawake."

Akacheka peke yake. Romana alirudi jikoni na hasira zake. Mume wake alikuwa mtu mwema, lakini haambiliki.

Siku moja mchana Eustace alikuwa akichonga jina la mama yake kwenye msalaba. Katikati ya herufi, umeme ukakatika. Redio ya jirani ikanyamaza. Kisu nacho kikasimama. Eustace hakuzima swichi. Hakuchomoa plagi. Achomoe ya nini, na umeme haupo? Aliona amepata nafasi nzuri ya kubadilisha kisu, maana kilichokuwepo kilishakuwa butu. Akakishika kwa mkono wa kulia na kuanza kukilegeza.

Romana alikuwa jikoni akichambua mchele. Alisikia redio ya jirani ikianza tena kuimba. Papo hapo akasikia mota ikinguruma. Mota iliyogoma kila siku, siku hiyo iliwaka bila kubembelezwa.

Kisha akasikia mumewe akimwita. Hakuita "Mama Queen" kama kawaida yake. Aliita "Romana", jina ambalo hakuwa amemwita tangu mtoto wao azaliwe.

Alipofika bandani, damu ilikuwa imeenea juu ya msalaba. Alichomoa plagi kwanza, kisha akambana mumewe mkono kwa kanga safi na kuuinua juu. Maiko, mdogo wake Eustace, alikuja mbio na kopo la mafuta ya taa. Alitaka kuyamwaga kwenye jeraha.

"Shemeji, weka hayo chini," Romana alisema. "Tafuta pikipiki. Twende hospitali."

Madaktari walifanya walichoweza. Eustace alirudi nyumbani bila kidole cha shahada na bila kidole cha kati. Vidole hivyo viwili ndivyo vilivyoshika patasi, penseli na kijiko chake kwa miaka yote.

Watu walikuja kutoa pole. Maiko alikaa nao uani, akasema jambo ambalo wengine walilisema kwa kunong'ona.

"Mama amekataa mashine. Alitaka msalaba wa mkono wa mwanawe. Sasa amechukua huo mkono. Shemeji, hiyo kitu itupeni."

Romana alimtazama mumewe, akaona ameyasikia maneno yale, na ameanza kuyaamini.

Tangu hapo Eustace alikaa uani kutwa akitazama mlango wa banda. Romana alimwogopea kuliko hata alipokuwa hospitalini.

Asubuhi moja Romana alirudi na ndoo ya maji, akamkosa mumewe kwenye kiti. Alimkuta bandani. Plagi ilikuwa ukutani. Swichi ilikuwa imewashwa. Eustace alikuwa amenyoosha kidole cha mkono wa kushoto, tayari kuisukuma mota ile iliyogoma.

Romana alidondosha ndoo, akachomoa plagi.

"Unataka na wa kushoto uende?"

"Jumamosi ukoo wote unakutana," Eustace alisema. "Nitawaambia nini?"

"Utawaambia umeumia."

"Mama yangu amelala chini ya vijiti, Romana." Sauti yake ilikatika. "Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Kama si mimi, ni nani?"

Romana alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma, vyote kwa pamoja. Alitamani kumpiga. Akaushika mkono wake wa kushoto, akauzuia kifuani pake.

"Utamaliza msalaba," alisema. "Lakini hutaigusa hii kitu mpaka fundi wa mota aione. Ukikataa, naitupa kama alivyosema Maiko."

Eustace akakubali shingo upande.

Fundi alikuwa Nyanzala, wa Kakese. Huyo mama ndiye aliyetengeneza mota za mashine za kukoboa mpunga, na Romana alimfahamu huko mashineni. Alikuja siku hiyohiyo na mfuko wake wa vifaa. Maiko naye alikuwepo, amekunja mikono.

"Poleni sana," Nyanzala alisema. "Plagi iko wapi?"

"Umeme wenyewe umekatika tangu saa tatu," Maiko alisema.

"Ndiyo maana naitaka hiyo plagi. Umeme ukikatika haujaaga. Unarudi muda wowote, na haupigi hodi." Akaichukua plagi, akamkabidhi Romana. "Dada, ishike mkononi. Usiichomeke mpaka mimi niseme, na mikono yetu sote iwe mbali na kisu."

Eustace aliinamisha kichwa. Aliyaelewa maneno hayo kuliko wote pale.

Nyanzala alifungua kitenge.

"Nani ameifunga?"

"Mimi," Eustace alisema. "Kwa ajili ya vumbi."

"Nia yako nzuri, kaka. Lakini haya matundu ndiyo pua zake. Ndani kuna feni inayovuta hewa ili mota ipoe. Ukiyafunga, inaungua."

Wakaitoa mota nje. Wakajifunika pua na midomo, Nyanzala akapuliza matundu kwa pampu ya baiskeli. Vumbi la mninga likatoka kama moshi. Kisha akazungusha kichwa cha mota kwa mkono, taratibu, akisikiliza.

"Kinazunguka laini. Hakichezi. Basi beringi, zile goroli zinazokibeba, ni nzima. Zingekwaruza, au kichwa kingecheza, tungebadilisha."

Akafungua vifuniko viwili vidogo ubavuni mwa mota. Akatoa vipande viwili vyeusi vyenye springi. Kimoja kilikuwa kirefu kiasi. Kingine kilikuwa kimelika, kimebaki kidogo kama punje ya hindi.

"Ugonjwa ni huu," alisema. "Hizi ni kaboni. Ndizo zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Zinalika polepole, kama raba ya kufutia. Hii imekwisha. Inagusa mahali pengine, mahali pengine haigusi. Ndiyo maana ulikuwa unaona cheche, na mota inagoma."

"Na nikiisukuma inawaka," Eustace alisema.

"Kwa sababu umeipeleka mahali inapogusa. Sasa siku ile, ilipozimika, ilisimama hapo inapogusa. Swichi imewashwa, plagi iko ukutani. Umeme uliporudi, ingengoja nini?"

Maiko alikunjua mikono yake.

"Kwa hiyo si mama?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mama yenu sikumfahamu, Mungu amrehemu," Nyanzala alisema. "Hii kaboni naifahamu."

Maiko akakiokota kile kipande kilicholika, akakigeuza kiganjani.

"Hatuwezi kuchonga kingine kwa kaboni ya betri ya redio?"

"Watu wanafanya. Inakwangua mota, na baada ya muda mfupi unaizika. Weka kaboni yake, ya kipimo chake, na ubadilishe zote mbili kwa pamoja." Akatoa mpya mfukoni mwake, akazipachika. "Kingine ni kisu. Kikiwa butu, mota inasukuma mzigo badala ya kukata. Na mninga ni mgumu. Usiiamrishe ikate kina chote mara moja. Ipitishe juujuu, irudie tena na tena."

Mwisho wakairudisha mota kwenye reli, naye akafunga swichi ya aina nyingine.

"Hii, umeme ukikatika, inajizima yenyewe. Umeme ukirudi, mota haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Lakini isiwadanganye. Kabla ya kugusa kisu, plagi inatoka ukutani."

Umeme ulirudi mchana. Nyanzala aliwasogeza wote nyuma, akamwambia Romana achomeke plagi. Akabonyeza swichi. Mota ikavuma, laini, bila cheche.

"Kaka Maiko, nenda kwenye meni swichi ya nyumba. Zima, kisha washa," Nyanzala alisema.

Maiko alizima. Mota ikasimama. Maiko akawasha. Taa ya banda ikawaka. Feni ya sebuleni ikaanza kulia. Wote wakaitazama mota, isipokuwa Romana aliyejikuta amefumba macho.

Mota ilibaki kimya.

Eustace alikitazama kile kiswichi kwa muda mrefu. Hakikuwa kikubwa kuliko kiberiti.

"Kumbe ni hiki tu," alisema.

Akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akalia. Hakuwa amelia hospitalini. Hakuwa amelia mazishini. Romana alikaa karibu naye na plagi mkononi, maana alishaichomoa tena bila kuambiwa. Kweli kilichokosekana siku ile kilikuwa ni hicho tu, na uamuzi wa kuchomoa plagi.

Jina la Bibi Helena lilimalizika siku iliyofuata. Damu ilikuwa imeingia kwenye mti, na msasa haukuitoa yote. Eustace alikataa ubao mwingine. Jumamosi, huko Mpimbwe, alishindwa kushika nyundo, na Maiko ndiye aliyepigilia. Wazee wa ukoo waliutazama msalaba, wakautazama na mkono wake, wakaukubali msalaba.

Sasa mashine inafanya kazi. Eustace anachora kwa mkono wa kushoto, polepole. Romana ndiye anayebadilisha visu. Kabla hajagusa, anachomoa plagi na kumpa mumewe aishike, hata kama mtaa mzima hauna umeme. Kila wiki wanapuliza vumbi. Kila mwezi wanafungua vifuniko kuangalia kaboni.

Kazi inachukua muda mrefu kuliko zamani. Wateja wengine wananung'unika kwamba wanacheleweshwa. Wananung'unika mpaka Eustace anapokuja kupokea mbao zao na kunyoosha mkono wa kulia wenye vidole vitatu.