Mwamba Uliofungwa

Mtambo mkubwa uliokuwa umetia nanga mbele ya kisiwa cha Njaowe ulitema maji meupe kama tui. Watu wa Jiji la Bandarini waliuita Kitulizabahari. Kwa zaidi ya karne mbili bahari ilikuwa imemeza hewa ukaa iliyotoka viwandani, na hewa hiyo ilikuwa imegeuka asidi ndani ya maji, ikiwanyima kome na matumbawe chokaa ya kujengea miili yao. Kitulizabahari kilisaga mawe, kikayachoma kwa umeme wa jua na kufungia moshi wake chini ya ardhi, kisha kikairudishia bahari chokaa iliyoipungukia.

Asubuhi hiyo, kipimo cha asidi kilionyesha nane nukta moja, dalili kwamba bahari ilikuwa inapona. Mhandisi Mize Faki, aliyeubuni mtambo huo, alikuwa akipongezwa na wenzake jijini alipopokea wito wa shangazi yake, Bi Mauwa.

"Njoo Njaowe," alisema Bi Mauwa. "Njoo sasa hivi."

Mize aliwasili kabla ya adhuhuri, wakati maji yalipokuwa yamekupwa. Wanawake wapatao ishirini walisimama ufukweni na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, vikapu vikiwa vitupu. Ilikuwa siku ya kufungua mwamba wa matumbawe. Kila mwaka waliufunga kwa miezi mitano ili pweza wazaliane. Walipanda vigingi vyenye vitambaa vyeupe, na hakuna aliyethubutu kukanyaga hapo kabla ya siku iliyoandikwa kwenye ubao. Sasa vigingi vilikuwepo, lakini mwamba haukuwepo. Ndani ya duara la vitambaa palibaki sakafu tambarare ya unga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyo mtambo wako kasomea wapi, hata asijue kubisha hodi?"

Mwanamke mmoja alicheka.

Mize alifungua kumbukumbu za mtambo kwenye kioo cha mkononi, japo alikwisha kuyajua yaliyomo. Mawe ya bara yalipopungua, alikuwa ameuruhusu mtambo kusaga matumbawe yaliyokufa. Kwa kuwa maji yalikuwa na tope na kamera za angani hazikuona chini, aliuwekea kanuni: mwamba usiokanyagwa na mtu kwa siku mia moja uhesabiwe kuwa umekufa. Aliona ni hekima. Watu hufuata riziki. Penye pweza hapakosi nyayo.

"Ulidhani mwamba umeachwa," alisema Mize.

"Nani alidhani?"

"Mtambo."

"Mize."

"Mimi, shangazi. Kanuni niliiandika mimi."

Bi Mauwa alimtazama. "Wewe uliyekuwa ukinishikia vigingi nikivigongomea? Uliyemchongea binamu yako kwa kuvivuka vigingi?"

Mize alikizima kioo. Hakuwa amesahau desturi ile. Alipokuwa akiiandika kanuni jijini, haikumjia tu kwamba ilikuwa miongoni mwa mambo yanayopaswa kuhesabiwa.

"Matumbawe yataota tena?" aliuliza Bi Mauwa.

"Yataota. Maji sasa yanafaa kuliko wakati wowote tangu nizaliwe."

"Kwa mwaka yanapanda kiasi gani?"

Mize aliinua kidole chake cha shahada, akaonyesha upana wake.

Wanawake walikitazama kidole hicho. Mwamba ule ulikuwa umezidi kimo cha mtu.

Bi Mauwa aliinama, akakigongomea kwa jiwe kigingi kilicholegea, akakaza kitambaa chake. Kisha akaufuta ubao kwa upindo wa kanga na kumkabidhi mpwa wake chaki.

"Tunafunga. Wewe ndiye msomi. Andika siku ya kufungua."

Mize alipiga hesabu mara mbili, akitumaini kwamba amekosea. Kisha akaandika mwaka ambao hakuna hata mmoja kati ya waliosimama pale angeuona, na Bi Mauwa akausoma kwa sauti ili wote wausikie.