Viatu Vyeupe vya Kunda

Viatu vilikuwa na joto ndani. Honorine aliviokota chini ya kiti asubuhi ile, akatia vidole atoe vumbi, akakuta joto la kiatu kilichovuliwa sasa hivi. Mwanawe Kunda, wa miezi kumi, alikuwa bado amelala, miguu mitupu. Akajiambia ni jua, ingawa jua la Élisabethville lilikuwa halijafika mlangoni.

Vililetwa na mumewe, Stanislas, karani wa ofisi ya mzungu mmoja mjini, mwanamume aliyejiona sana kwa sababu ya kola nyeupe. Ngozi ya viatu ilikuwa ngumu, soli ngumu zaidi. Mama mzazi wa Honorine, Mama Chanda, aliviminya mara moja tu akavisukuma mbali.

"Huyu mutoto hayatembea bado, biatu ya nini? Mifupa yake iko teketeke. Acha akanyage udongo, bidole bishike chini, njo vile miguu inapata nguvu."

"Mama, mutoto wa karani hatambai mu matope sawa kuku," Stanislas akajibu, akafunga kamba yeye mwenyewe.

Siku ya tatu visigino vya Kunda vilikuwa na malengelenge. Mchana, mtoto akiwa mgongoni kwa bibi yake uani, Honorine alikishika kiatu cha kulia apime kama mbele kuna nafasi ya kidole gumba. Gumba lake likaingia mpaka mwisho, na huko likagusa vidole vitano vidogo, vyenye joto, vikajikunja kumkwepa.

Alikitupa, kikatua wima. Cha kushoto, ambacho hakuna aliyekigusa, kikasogea kando yake, chumba kikajaa harufu ya poda ya watoto wa kizungu, na kwenye saruji likasikika goti la mtu mzima likitua, gauni likichakacha, pumzi ya mtu aliyeinama, na zile kamba zikaanza kujifunga zenyewe, taratibu, bila haraka yoyote, kama mama anavyomfungia mwanawe.

Stanislas aliporudi kutoka kazini, Honorine alikuwa akimngoja mlangoni.

"Baba Kunda, ulibitoa wapi?" alinong'ona.

"Kwa muzungu wetu. Madamu yake alikufa na mutoto, homa moja. Ule mutoto hakutembea hata siku moja."

"Na ulijua."

"Nilijua. Biatu bilikuwa bizuri."

Honorine alimchukia pale pale, na hakuficha.

Wakamwita Mama Mwape, mganga wa kutoka Kasenga. Aliiosha miguu ya mtoto kwa mizizi, akamtukana yule mama marehemu matusi ya kumtoa mtu kwake, akavitosa viatu mtoni Naviundu.

"Ule mwanamuke hatafuti biatu," alisema. "Anatafuta mutoto atembee kwenda kwake, sababu wake hakutembea. Hatua ya kwanza ikuye kwako, mama. Ikikuya kwako, hana tena kitu hapa."

Harufu ikaisha. Kunda akaachwa atambae miguu mitupu, malengelenge yakapona, vidole vikatanuka vikashika udongo, akaanza kusimama kwa kushika benchi. Honorine hakutoka tena nyumbani, hata sokoni. Aliogopa hatua ile ije yeye hayupo.

Jumapili baada ya misa walikuwa uani wote. Honorine alichuchumaa, mikono wazi. Mama Chanda alimshika mtoto makwapani, akamsimamisha, akamwachia.

Kunda akapiga hatua. Ya pili. Ya tatu, akicheka, akimtazama mama yake usoni, na Honorine machozi yakamtoka kwa furaha, akainyoosha mikono zaidi, akamwita kwa jina, na mtoto akafika karibu kabisa, mpaka Honorine akaisikia pumzi yake shavuni, halafu mtoto akampita.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa tofali, mahali pasipokuwa na mtu. Akasimama, akainua mikono yote miwili kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Kunda," Honorine aliita. "Kuya kwa mama."

Mtoto hakugeuka. Miguu yake, ikiwa bado na udongo, ikaiacha ardhi.